Mtoto Mmoja au Wawili

Misiera, Nakivale
Tarehe 3 Machi 2026

Ndugu yangu Appolinaire,

Salamu mingi kwako kutoka kwa dada yako. Miye ni muzima, isipokuwa mguu. Tangu pikipiki iniangushe kwenye njia ya Base Camp hapa kambini, ungali ndani ya plasta, na muganga amekataza niukanyage. Kama si huu mguu, barua hii usingeipata. Ungeniona mwenyewe mulangoni kwako.

Appo, nimepata habari ya batoto.

Tulipotoa majina yao kanisani, ili batangazwe mpaka huko mipakani, niliandikisha namba ya Fébronie, huyu jirani yangu Murundi mwenye duka. Jana asubuhi akaja mbio, unga bado mikononi, akasema, "Sidonie, kaa chini." Nikamwambia niko chini tayari, na mguu kama huu nitakaa wapi tena? Akanionyesha simu. Ni Kiingereza. Nakuandikia herufi kwa herufi:

The child are here Kikagate. A mother sick. Come. Pascaline.

Tulipiga ile namba. Haiingii. Mpaka leo haiingii.

Fébronie anasema child ni mutoto mumoja. Bwana yake Melchior anasema are ni ya batu bengi. Baligombana mbele ya wateja mpaka mutu mumoja akaondoka bila chenji yake. Miye nilikuwa natazama midomo yao tu.

Siku risasi ziliingia soko la kwetu Baraka, niliacha nyumbani batoto babili na Mama. Niliporudi nyumba ilikuwa wazi. Mwaka na zaidi umepita, na sikupata hata neno. Sasa nimepata maneno, na siyaelewi. Weye ulisomesha shule kwetu, na kila jioni unasoma Kiingereza hapo Mbarara. Niambie: ni mumoja ao ni babili? Kama ni mumoja, ni nani, Ushindi ao Angeline? Na huyo "a mother" mugonjwa, ni Mama yetu?

Najua simu yako waliiiba. Hata ungekuwa nayo, nisingekuuliza neno hili dukani, batu banasikiliza. Melchior anakuja kuchukua bidhaa. Mupe jibu mukononi.

Dada yako,
Sidonie

---

Mbarara
5 Machi 2026

Yaya Sidonie, dada yangu mkubwa,

Melchior alinikuta dukani kwa tajiri, mfuko wa simenti begani. Nilisoma barua yako nimesimama na mfuko huohuo. Nilisahau kuutua.

Nakueleza nilivyoelewa. Kwa Kiingereza mtu mmoja hutumia is, watu wengi are. Mtoto mmoja ni child, wengi ni children. Sasa sentensi hii ina kichwa cha mtu mmoja na miguu ya watu wengi. Kama Pascaline alikosea kichwa, watoto ni wawili. Kama alikosea miguu, ni mmoja.

Jana darasani nilimpa Mwalimu Prudence ile sentensi, sikumwambia ni ya nani. Akaiandika ubaoni. Wanafunzi wakacheka. Nikauliza, "Mwalimu, kosa liko wapi hasa?" Akasema, "Popote. Inategemea alitaka kusema nini." Nikauliza tena, "Na kama hatuwezi kumuuliza?" Akanitazama, akasema basi tusahihishe tunavyopenda. Akaandika is, akafuta, akaandika children, akafuta. Wenzangu waliendelea kucheka.

Lakini kuhusu mama nina uhakika, na hapo usiwe na hofu. A ni kama une ya Kifaransa: mama fulani tu, asiyejulikana. The ni kama la: yule tunayemjua. Angekuwa Mama yetu, angeandika the mother. Huyo mgonjwa ni mama mwingine wa hukohuko. Mwalimu mwenyewe amekubali kwamba sheria ndivyo ilivyo.

Jumamosi hii tajiri amenikatalia ruhusa. Ile inayofuata nitakwenda Kikagate, huko mpakani.

Mdogo wako,
Appolinaire

---

Misiera
Tarehe 9 Machi 2026

Appo,

Nilitaka niifahamu hii lugha kabla hujakwenda, nikaazima kitabu cha mutoto wa Fébronie. Ukurasa wa kwanza nilifurahi. Boy ni mumoja. Boys ni bengi. S ni alama ya bengi, nikasema sawa, hata kuku angeshika. Nikafungua wa pili: the boy eats, the boys eat. Ile s imehama! Jana ilikuwa ya bengi, leo inakaa na mumoja! Nikarudi ukurasa wa kwanza nione kama nilisoma vibaya. Sikusoma vibaya. Sisi tunasema mutoto anakula, batoto banakula. Kila mutu anavaa nguo ya kwao kuanzia kichwa mpaka miguu, na ukimuona kwa mbali unajua ni wa nani. Hao wenzetu banaazimana nguo moja.

Hapa Misiera kila mutu amekuwa mwalimu wangu. Mama anayeuza samaki anasema ni babili. Fundi wa viatu anasema ni mumoja, na Mungu atatoa mwingine. Nilimufukuza.

Kuna neno moja linanisumbua. Umesema the ni ya mutu anayejulikana. Ameandika the child. Basi huyo Pascaline anamujua mutoto wangu vizuri, lakini mama aliye pamoja na huyo mutoto hamujui? Inawezekana namna gani? Ni weye mwenye kusoma. Miye nauliza tu.

Fébronie ananishonea kaptula moja na gauni moja. Aliniuliza vipimo. Sikuwa navyo. Nilimuonyesha kwa mukono urefu waliokuwa nao kule Baraka, kisha nikakumbuka batoto hukua, nikapandisha mukono. Sikujua niusimamishe wapi.

Usichelewe.

Sidonie

---

Mbarara
16 Machi 2026

Yaya mpenzi,

Asifiwe Mungu. Nimefika Kikagate na nimewaona watoto. Wako salama.

Pascaline ni mjane, Munyankole, ana shamba la ndizi nyuma ya kilima, mbali kidogo na barabara. Simu yake iliingia maji siku ileile aliyotuma ujumbe, ndiyo maana haikupatikana. Ni mtu mwema sana. Nyumba ni safi, chakula kipo. Nilipofika matoke yalikuwa motoni. Mwanzoni aliniogopa, lakini nilipotaja jina lako akasogea. Amekatwa nywele sababu ya vidonda, vimepona. Jioni alikula vizuri, akalala mapema.

Sikuweza kuja nao mara moja, kwa sababu ya homa kidogo, si ya kutisha. Pia mwenyekiti wa kijiji anataka kuonana nami kwanza. Tumwache apone siku chache, kisha nitarudi.

Najua utataka tuongee kwa simu. Simu ya kuazima nitapata, lakini wiki hii kazi ni nyingi. Barua inatosha kwa sasa.

Tulia, ponya mguu.

Mdogo wako,
Appolinaire

---

Misiera
Tarehe 19 Machi 2026

Appolinaire,

Barua yako ilisomwa hapa kwa sauti. Fébronie alipiga vigelegele, batu bakaingia, mama wa samaki akaleta samaki bila kuombwa. Nilicheka nao. Usiku nikaisoma peke yangu.

Umeandika "watoto", umeandika "wako salama", vizuri kabisa, sawa na mutangazaji wa redio. Kisha ukaandika "aliniogopa". Ukaandika "akasogea". "Amekatwa nywele." "Alikula vizuri, akalala mapema." "Tumwache apone."

Nani alilala?

Nimetafuta barua nzima fasi moja tu unaposema "walikula", "walilala". Haipo. Jina la Ushindi halipo. Jina la Angeline halipo. Kiingereza kinaweza kunidanganya, ndugu yangu, sikuzaliwa nacho. Kiswahili hapana.

Miye njo mama yao. Si weye wa kuamua nijue lini. Andika jina la yule uliyemuona, kisha andika jina la yule ambaye hukumuona, na uniambie aliko. Melchior anakaa hapo mpaka umalize.

Sidonie

---

Mbarara
19 Machi 2026, jioni

Yaya,

Melchior ameketi kwenye ndoo, ananisubiri. Hanitazami.

Niliyemwona ni Angeline. Sikumwona Ushindi.

Nakusimulia kama ilivyokuwa. Nilifika, nikamkuta mtoto wa kike mlangoni, nikamjua kwa macho yale ya marehemu shemeji, baba yake. Nikaingia. Nikatazama kila pembe. Pascaline hajui Kiswahili zaidi ya "karibu", mimi Kinyankole sijui hata hicho. Tukatumia Kiingereza chake na changu.

Nikamuuliza, "Where is the boy?"

Akasema, "Boy go."

"Go where?"

Akainua mkono, akaelekeza juu, juu kabisa, akautikisa. "Boy go. A mother go. Go, go." Kisha akafuta machozi kwa kitenge.

Nilijua darasani kwamba go bila s si sahihi, ilipaswa kuwa goes, au went, au is gone. Nilisimama pale nikisahihisha kichwani, Yaya, wallahi nilisahihisha, ili nisisikie alichosema. Huenda, alikwenda, amekwenda. Nikachagua amekwenda. Mkono ulikuwa unaonyesha mbinguni na yule mama analia. Ningeelewa nini kingine?

Kikagate ni mpakani, pale senta kuna watu kumi wangenitafsiria. Sikumwita hata mmoja. Niliogopa kusikia jambo lile kwa lugha ninayoielewa.

Nilitaka kumchukua Angeline. Alimshika Pascaline kiunoni, akalia mpaka akatapika. Hanijui. Nikamwacha. Homa nilikudanganya, mwenyekiti nilikudanganya.

Nilifikiri nikuletee mmoja kwanza, umshike, halafu nikuambie la pili ukiwa na kitu mikononi. Nisamehe ukiweza.

Appolinaire

---

Misiera
Tarehe 20 Machi 2026

Appo,

Nililia. Kisha nikamuita Melchior, maana yeye amefika Kikagate kununua mchele. Nikamuuliza, "Ukisimama kule, juu ni wapi?" Akasema Kikagate iko chini, kwenye muto. Kila fasi ni juu. Kisha akasema, "Barabara ya Mbarara inapanda."

Soma tena maneno yake. Boy go, a mother go. Balienda babili, pamoja. Weye ulisema a mother ni mama asiyejulikana, kwa sababu ya ile a. Mutu ambaye hajui kuchagua is na are, kwa nini umuamini kwa a na the? Labda a njo neno pekee alilo nalo. Labda kwake kila mama ni a mother.

Mutoto wangu wa myaka kumi na moja hatoki kumufuata mama wa watu asiyemujua, akaacha dada yake. Anamufuata bibi yake tu. Na ujumbe ulisema sick. Haukusema dead. Hata miye neno dead nalijua, liko kwenye kila tangazo.

Mugonjwa akishindikana kule, banamupeleka wapi? Weye unaishi mji gani, Appolinaire?

Sijui kama ni kweli. Labda ni moyo wangu tu unatafuta njia. Mara naona mukono unaonyesha mbingu, mara naona barabara. Lakini mbinguni huwezi kwenda kuuliza leo. Hospitali unaweza.

Simama sasa hivi. Uende.

Sidonie

---

Mbarara
22 Machi 2026

Yaya, Yaya yangu,

Wako hai. Ushindi yuko hai. Mama yuko hai. Nimeandika majina, umeona? Ushindi. Mama Orpa. Wote wawili.

Kwenye geti la hospitali kubwa nilitaja Orpa, hakuna. Nikataja kijana wa Kongo, hakuna. Askari akaniambia, "Ssebo, wewe rudi kesho." Sikurudi. Nikaenda wodi ya wanawake, nesi mmoja akanisimamisha.

"Wewe natafuta nani?"

Nikasema namtafuta mama yangu, mzee, Mkongomani, hana jina hapa.

Akasema, "Iko mzee moja, lakini yeye hapana sema. Hii upande yote ilikufa. Sisi naita yeye Mukaaka, ni bibi. Kijana yake ndio naangalia yeye."

Nikaingia. Mama alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, mwembamba. Mvulana mrefu alikuwa amenipa mgongo, anakamua kitambaa kwenye beseni. Aligeuka mwenyewe. Akanitazama, akasema, "Mjomba, umekonda."

Basi. Nikakaa chini sakafuni.

Ameniambia yote. Walivuka ziwa, wakapita Tanzania, wakikaa huku na huku. Walipovuka mto pale Kikagate, Mama alianguka, mkono na mguu wa kulia vikakataa, maneno yakakatika. Pascaline aliwaokota njiani, akakaa nao kwake miezi mingi, mpaka hali ya Mama ikazidi. Gari la wagonjwa lilipokuja dereva alikubali mtu mmoja tu wa kumhudumia, ndipo Ushindi akamwambia Angeline abaki na Pascaline, yeye atarudi kesho. Kesho haikuja. Kanisa la Pascaline lilitangaza majina yao Jumapili iliyofuata. Ushindi hakulisikia tangazo, alikuwa hapa, analala chini ya kitanda cha bibi yake.

Jambo la kwanza aliloniuliza ni, "Angeline amekasirika?"

Yaya, geti lile napita kila asubuhi nikienda kazini. Siku niliyokuandikia kwamba mgonjwa si Mama, walikuwa hapa tayari. Nilipita. Nilikuwa narudia maneno ya Kiingereza njiani.

Mama ananielewa. Nilimwambia uko Misiera, akafumba macho, machozi yakashuka upande mmoja. Daktari anasema huenda maneno yakarudi, huenda yasirudi. Mimi nabaki naye. Tajiri ameniachisha kazi, nitatafuta nyingine.

Kesho naenda na Ushindi kwa Pascaline. Safari hii nitachukua mtu wa kutafsiri.

Appolinaire

---

Misiera
Tarehe 6 Aprili 2026, Jumatatu ya Pasaka

Ndugu yangu Appo,

Bamefika juzi, Melchior mbele na mizigo, Ushindi nyuma, na Pascaline katikati, Angeline mugongoni. Umefanya vizuri kumuomba aje naye. Peke yako usingeweza.

Ushindi alinisalimia kama mutu mukubwa, kwa mukono. Kisha hakuuachia. Kaptula ya Fébronie inamufika juu ya magoti sana. Anaivaa hivyohivyo, anakataa ingine.

Angeline hakunitaka.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo mingi, si kwa hilo. Niliita jina lake, akaficha uso kwenye shingo ya Pascaline. Niliimba ule wimbo wa kumubembeleza, akaniangalia sawa na mutu anayesikia kelele kwa jirani. Akizungumza, anazungumza Kinyankole. Chote. Mutoto wangu anaongea kutwa nzima na miye sishiki hata nusu. Pascaline alikuwa ananiangalia kwa huruma, na miye nilimuchukia, Appo, kwa muda mufupi, nilimuchukia yule mama aliyemuokoa. Aliona. Akaja akakaa karibu yangu, akachukua mukono wangu na kuuweka juu ya kichwa cha Angeline, akasema kwa Kiswahili chake, "Yako. Mtoto yako." Mutoto akautikisa mukono wangu kama nzi.

Jana Pascaline alirudi kwake, shamba haliwezi kungoja. Aliondoka Angeline akiwa amelala, Ushindi njo aliyeshauri hivyo. Alipoamka akamutafuta kila fasi, mpaka duka la Fébronie, mpaka barabarani. Nilimufuata na fimbo zangu za kutembelea, sikumushika, nilimufuata tu. Alichoka akarudi. Alikaa mulangoni mpaka jua likatua, hakulia, hakula.

Leo asubuhi nilikuwa napuliza moto. Nikasikia nyuma yangu, "Amaizi."

Hilo nililielewa, Warundi hapa banasema amazi. Sikugeuka haraka, niliogopa atakimbia. Nilichota maji mutungini, nikanyoosha kikombe bila kumutazama. Akakichukua. Nilisikia anakunywa, anakunywa kwa sauti, kama alivyokuwa anakunywa baba yake. Kisha kikombe kikanigusa bega.

"Nyongyera," akasema.

Neno hilo silijui. Nilishika kikombe, nikamutazama, naye akanitazama, sisi wote babili tunangoja. Ushindi alikuwa kitandani, macho yamefumba. Akasema, "Mama, anataka umuongezee."

Nikamuongezea.

Dada yako anayekupenda,
Sidonie